Miezi tisa na klabu ya jogingi ya mtaani Temeke: kilichonirudisha barabarani

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda Tandika, wilaya ya Temeke, Dar es Salaam, nakaa kwenye kiti kuanzia saa mbili asubuhi mpaka magharibi, na msimu wa sikukuu napitiliza hadi saa tano usiku. Mwaka juzi nilipimwa presha zahanati ikasoma 150 kwa 95. Wakarudia baada ya wiki, ikawa vilevile. Daktari akanianzishia dawa, akasema na mazoezi nifanye, tena ya kila wiki, siyo ya kushtukiza.

Naandika haya kwa ajili ya wale wanaoanza mazoezi kwa moyo mmoja halafu moyo wenyewe unakata tamaa kabla ya miguu. Mimi mazoezi yamenichosha roho mara mbili. Mara ya kwanza niliacha. Mara ya pili sikuacha, na aliyenizuia ni klabu ya jogingi ya mtaani kwetu. Jina la klabu siliandiki kwa sababu sikuomba ruhusa ya viongozi, lakini mtu wa Temeke akisoma njia tunayopita atatujua.

Nianze na jimu, maana ndiko nilikoanzia. Ilikuwa ghorofani, elfu sitini kwa mwezi. Mashine nzima, vijana wa pale wana adabu, choo kisafi. Mwezi wa kwanza nilikwenda mara nne kwa wiki na nilikuwa na furaha ya mtu aliyenunua kitu kipya. Tatizo ni kwamba mashine ya kukimbilia ilielekezwa ukutani. Ukuta wa rangi ya maziwa, una ufa unaoanzia kwenye soketi unapanda juu ukikunja kushoto. Chini ya ufa, mbele ya kifua chako, kuna namba nyekundu zinahesabu sekunde. Mwezi wa pili nikaanza kuzifunika zile namba kwa taulo. Najiambia sifunui mpaka nihisi dakika ishirini zimepita. Nikifunua nakuta sita.

Mkufunzi aliniona, akanieleza kwamba mwili unazoea. Mwendo uleule, dakika zilezile, moyo haupandi tena kama wiki ya kwanza, na akili nayo inajua kila kitakachofuata. Akanifundisha kupandisha mwinuko wa mashine na kubadilisha kasi kila dakika mbili. Ushauri ulikuwa sahihi na ulinisogeza wiki tatu hivi. Baada ya hapo nikanunua raba za elfu arobaini na tano, zikanipeleka siku kumi. Nikaweka taarabu masikioni. Nikahamisha muda kutoka jioni kwenda asubuhi. Kila kitu kipya kilikuwa kipya kwa siku chache tu, kisha narudi kwenye ule ufa.

Mwezi wa nne sikulipa. Wiki ikapita, mwezi ukapita, simu yangu haikuita. Siwalaumu hata kidogo. Pale nilikuwa mteja, na mteja asipokuja, mashine inapata mwingine. Ila niliumia, na sikujua naumia kwa sababu gani mpaka nilipoingia klabu.

Niliingia Januari 2025. Kijana mmoja aliniletea fulana ishirini na mbili za klabu, nyingine nizipunguze mabega, nyingine niziongeze ubavuni. Alipokuja kuzichukua akakaa kwenye benchi akasubiri namalizia mbili za mwisho. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Mama fundi, wewe unatushonea sisi tukimbie, wewe mwenyewe unakimbia wapi?" Nikamwambia habari ya jimu. Akasema njoo Jumapili, usilipe chochote, uje kuona tu.

Gharama ziko hivi: kiingilio elfu kumi, ada elfu tano kwa mwezi, fulana elfu kumi na tano. Unajaza fomu yenye namba ya ndugu wa kupigiwa na maradhi uliyonayo. Nilipoandika presha, katibu aliniambia nikamuulize daktari wangu kwanza, na hata akikubali nitakaa kundi la nyuma miezi miwili. Nililipenda hilo. Kule jimu sikuulizwa.

Tunakutana viwanja vya Mwembeyanga saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila Jumapili. Giza bado lipo. Tunapasha viungo robo saa, halafu tunajipanga mistari miwili, bendera nyekundu mbele na nyingine nyuma, tunatoka. Njia ya kawaida ni Temeke, tunashika Chang'ombe, tunazunguka upande wa Uwanja wa Mkapa, tunagusa Barabara ya Mandela kipande kifupi, tunarudi. Wanaoanza wanakatia njiani na kurudi na mtu wa kuwaangalia.

Sasa nyimbo. Waliosoma shule ya msingi zamani wanaujua mchakamchaka: kabla ya kuingia mstarini mnazungushwa viwanja huku mnaimba, umande unalowesha miguu. Mimi nilisoma Korogwe na nilikuwa nauogopa kwa sababu ya fimbo ya mwalimu wa zamu. Sikutegemea kwamba nikiwa na miaka arobaini na sita kitu kilekile kitanipa raha. Mwimbishaji wetu ni mzee aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), anaziita nyimbo zake chenja. Anatoa mstari kwa hatua nne, sisi tunaitikia kwa hatua nne. Kazi yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukiimba kwa pamoja, mguu unatua kwa pamoja, na mguu ukitua kwa pamoja huna haja ya kujiuliza uongeze au upunguze. Tena anatusikiliza. Kiitikio kikianza kusinzia anajua watu pumzi zimekata, anashusha mwendo bila kusema lolote. Anayeshindwa kuitikia hata neno moja anaambiwa atembee. Hicho ndicho kipimo chetu, hatuna saa za mkononi za kupima moyo.

Jumapili moja, kama ya tatu hivi, tulikuwa tunapita Chang'ombe na kumeanza kupambazuka. Kina mama wanawasha majiko ya vitumbua, konda mmoja wa daladala amening'inia mlangoni anaitikia wimbo wetu, na mimi nikagundua sijawaza muda tangu tutoke. Nilipouliza nikaambiwa ni dakika hamsini. Dakika hamsini, mimi niliyekuwa nafunika namba kwa taulo.

Lakini nyimbo siyo jibu lote. Nazo zinazoeleka, nitafika huko. Kitu cha thamani kuliko vyote kwenye klabu ile ni daftari.

Ni kaunta buku ya kawaida, jalada gumu, kona zimekatika. Katibu amechora majedwali kwa rula: majina upande wa kushoto, tarehe juu. Ukifika anakuwekea alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Usipofika na umetoa taarifa anaandika herufi: S ni safari, U ni ugonjwa, M ni msiba. Usipotoa taarifa kisanduku kinabaki cheupe, na kisanduku cheupe kina kazi yake Jumatatu.

Cheupe changu cha kwanza kilikuwa Februari. Nilikuwa na magauni ya kitchen party, nimelala saa nane usiku, sikuamka. Jumatatu mchana simu ikaita. "Mama fundi, jana hatukukuona. Mzima?" Nikamweleza kazi. Hakunihubiria. Akasema, "Pole kwa kazi. Basi Jumatano jioni tupo, njoo hata nusu saa ukanyooshe mgongo." Nilikaa na simu mkononi nikawaza ile miezi niliyokaa kimya baada ya kuacha jimu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa naumia. Nilikuwa nimetoweka mahali na pengo langu halikuonekana.

Jumatano nilikwenda. Tangu siku ile nina visanduku vyeupe viwili tu.

Machi ulikuwa Ramadhani, klabu ikasimama kwa sababu wengi wetu tunafunga. Baada ya Idi masika yalikuwa yamekolea, Mwembeyanga ni tope, tukarudi watu wachache. Kusimama mwezi mzima ni hatari, nalisema wazi kwa viongozi na hapa nalirudia. Walitakiwa waweke hata matembezi mafupi baada ya futari, watu wasipoteane kabisa. Kuna wenzetu tuliowapoteza Machi na hawajarudi mpaka leo.

Mimi nilirudi, ila Juni uchovu wa roho ukanirudia. Njia ileile. Kona ileile ya duka la vipuri. Chenja nazijua zote, naitikia huku nawaza mikono ya gauni la mteja. Kiafya nilikuwa sawa, presha imeshuka na daktari ameridhika, dawa naendelea nazo. Nilikuwa nimechoka kurudiarudia. Nikamwambia mwenyekiti ukweli baada ya mazoezi, sikutaka kupotea kimyakimya tena.

Alichofanya sikukitarajia. Hakuniambia nivumilie, wala hakubadilisha njia. Aliniambia bendera ya nyuma imechanika, nishone mpya, na nikishaishona niishike mimi.

Bendera ya zamani nilipeleka kibandani nikaitandaza mezani. Ilikuwa kipande cha kitambaa chepesi kilichopindwa mara moja kwa uzi mwembamba, upepo ulikuwa umekula ukingo wote wa nje, nyuzi zinaning'inia. Nikakata tetroni nyekundu nzito, futi moja na nusu kwa mbili. Nikapiga ovaloki pande zote, nikakunja upindo mara mbili, nikaushona mistari miwili sambamba. Upande wa mti nikaushonea mfuko mwembamba, nikauimarisha juu na chini kwa kushona nenda rudi, maana hapo ndipo mti unapovuta. Mti wenyewe ni mpini wa fagio niliousugua msasa. Kazi ya saa moja. Sijatoza hela.

Mshika bendera ya nyuma kazi yake ni kuzuia magari yasiwakaribie wakimbiaji, na kuhakikisha hakuna mtu nyuma yake. Maana yake wewe ndiye wa mwisho, kila Jumapili, kwa kazi. Huwezi kukimbia kwa mwendo wako, unakimbia kwa mwendo wa aliyechoka kuliko wote. Bodaboda unamsikia kabla hujamwona, unanyoosha mkono, unageuza shingo, unaangalia mbele, unarudi nyuma. Njia ileile niliyoichoka Juni ikawa ngeni kabisa, kwa sababu sasa nilikuwa naiangalia. Nikajua mfuniko upi wa mtaro umevunjika, kona ipi daladala hukata bila taa, mbwa wa geti lipi hufunguliwa alfajiri.

Julai akaja mama mmoja anayeuza vitumbua, mwili mkubwa, ana aibu. Jumapili ya kwanza tulipofika Barabara ya Mandela akasimama akashika magoti, akaniambia, "Dada, nendeni tu, mimi nitarudi mwenyewe." Nikamwambia mimi siruhusiwi kukuacha, nina bendera. Tukapanga: nguzo za taa, tunatembea mbili, tunakimbia moja. Tulihesabu nguzo mpaka tukamaliza barabara. Kundi walishatangulia mbali, tunasikia kiitikio tu. Wiki ya nne ikawa tunatembea moja, tunakimbia moja. Wiki ya nane, kukimbia mbili kutembea moja. Siku hizi yuko katikati ya mstari na mimi namwona mgongo. Nawaambia kweli, kuanzia Julai sijawahi kuamka Jumapili nikajiuliza niende au nisiende. Nikikosa mimi, bendera anashika nani, na mama wa vitumbua angehesabu nguzo na nani?

Viongozi nao wana mbinu zao za kuvunja mazoea, na wanastahili sifa. Jumapili ya kwanza ya mwezi njia inageuzwa, tunaanzia tulikokuwa tunamalizia. Kila baada ya miezi michache kuna bonanza, klabu za mitaa mingine zinakuja na fulana zao na nyimbo zao, mnafanya mazoezi pamoja mpaka jua linawaka. Kuna siku tulikimbia mpaka kituo cha kuchangia damu, waliokidhi vigezo wakachangia. Na Septemba 2025, baada ya Alphonce Simbu kuchukua dhahabu ya marathoni Tokyo tarehe 15, mwimbishaji alikuja na chenja mpya. Nchi nzima ilijua habari: saa 2, dakika 9, sekunde 48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, akamzidi kwa sekunde 0.03 tu. Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha, miaka minane baada ya shaba yake ya London 2017. Sisi tukaongeza kitu. Tukiingia uwanjani Mwembeyanga, mita mia za mwisho mistari inavunjwa, kila mtu anakwenda kwa nguvu aliyobaki nayo. Tunaziita mita za Simbu. Mwenye miaka sitini anakimbia hizo mita kama mtoto aliyetumwa dukani. Zinachukua nusu dakika na watu wanazisubiri asubuhi nzima.

Kasoro zipo, na nazitaja kwa sababu nataka klabu ikae.

Kubwa kuliko zote ni usalama. Bendera mbili hazitoshi kwa mstari wa watu hamsini, tunahitaji nne, na katikati kuwe na mtu mwenye filimbi. Fulana zetu ni za bluu iliyokolea, gizani hatuonekani. Nimeshapendekeza nizishonee utepe wa kung'aa mgongoni, gharama ni ndogo kwa kila fulana, na mpaka leo jambo liko kwenye ajenda.

Pili ni kikao cha baada ya mazoezi. Kinatakiwa robo saa, kinakwenda saa nzima, mmelowa jasho na upepo unawapiga. Wenzetu Wakristo wanachelewa ibada, kuna watatu wameacha kuja kwa sababu hiyo tu. Tatu, wanawake hatuna pa kujisitiri. Tunaomba kwa majirani. Klabu yenye mfuko wa kutosha kununua spika kubwa inaweza kuongea na mwenye nyumba mmoja ikamlipa kidogo kwa mwezi.

Michango nayo. Ukiacha ada, kuna msiba, harusi, mgonjwa, bonanza. Ya msiba na mgonjwa natoa kwa moyo wote, nami nilishikwa mkono nilipofiwa na kaka yangu Mei. Hii ya bonanza ingewekwa ndani ya ada ijulikane mapema.

Kama unategemea klabu peke yake kwa afya yako, piga hesabu vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Jumapili yetu ni kama dakika sabini, Jumatano jioni ni arobaini. Zinabaki arobaini. Mimi hizo nazipata kwa kwenda kwa miguu kununua vifungo na zipu, nakwenda haraka haraka, siagizi bodaboda tena. Mazoezi ya nguvu nayo yanatakiwa siku mbili kwa wiki, na klabu inayagusa kidogo sana, pushapu kumi na squati kumi basi. Hapo jimu inatushinda, lazima nikiri.

Nani aende? Mtu anayependa kimya chake, wa kukimbia na mawazo yake, hatafurahi. Mwenye lengo la muda, anayetaka kushusha dakika zake za kilomita kumi, ataona tunamchelewesha. Lakini kama umeshaacha mara moja, umeshanunua raba na ziko chini ya kitanda, na huna anayekuuliza, njoo. Nikiambiwa nitoe nyota natoa nne, na ya tano nimeishikilia mpaka ule utepe wa mgongoni upitishwe.

Tunaanza saa kumi na moja na nusu kamili, njoo na maji yako na shilingi mia tano ya chai. Ukifika ulizia wa bendera ya nyuma, utakaa na mimi. Ya tatu nimeshaikata, imebaki upindo tu.